Mvuke unaogeuka maji juu ya bomba: vipimo vyangu viko chini mno ya nadharia

Swali
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Nafanya utafiti wangu Nairobi. Mvuke wa boila ndogo unagusa bomba la shaba nyekundu lililolazwa, lenye kipenyo cha milimita 19 na urefu wa mita 1, huku maji ya kupozea yakipita ndani, kilo 0.4 kwa sekunde, na kupanda joto kwa nyuzi 2. Ukuta wa bomba una nyuzi 90. Geji ya presha inasoma kilopaskali 20, nami nikaongeza 101 za presha ya hewa. Jedwali la mvuke, linaloonyesha joto la mvuke kwa kila presha, likanipa nyuzi 105. Nikikokotoa kiwango cha uhamishaji joto kutoka kwa mvuke hadi bomba napata wati 3,700 kwa mita mraba kwa kila nyuzi ya tofauti, ilhali nadharia ya Nusselt ya 1916, inayoeleza mvuke unavyogeuka maji kwenye ukuta baridi, inatoa takriban 12,000. Themokapo (kipimajoto cha waya) iliyo ndani ya mvuke inasoma 98, nadhani imeharibika. Nimekosea wapi?

Jibu
Marahaba. Usiitupe themokapo hiyo. Hizo 101 ni za usawa wa bahari. Mkiwa huko juu Nairobi, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 83 hivi, ndiyo maana maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Presha halisi ya chombo chako ni 103, na mvuke wake ungepaswa kuwa na nyuzi 100.5. Tofauti na ukuta si 15 bali 10.5, kwa hiyo jibu lako linapanda hadi 5,300 bila kugusa mtambo.

Jibu
Naongezea hapo. Mvuke mtupu wa nyuzi 98 una presha ya kilopaskali 94 tu. Zile 9 zilizobaki kufikia 103 ni za hewa iliyonaswa humo ndani. Mvuke ukifika kwenye bomba hugeuka maji na kuiacha hewa ikijikusanya ukutani kama blanketi, na mvuke unaofuata hauna budi kupenya humo kwanza. Hata nusu asilimia ya hewa huweza kupunguza uhamishaji joto kwa nusu. Wewe una zaidi ya asilimia 8! Fungua vali ya kutolea hewa, acha mvuke upulize, na usianze kuandika chochote mpaka themokapo na jedwali vikubaliane.

Jibu
Mimi kinachonitia shaka ni zile nyuzi 2 za maji ya kupozea. Kila kipimajoto kikikosea kwa nusu nyuzi tu, kimoja juu na kingine chini, nusu ya jibu lako imeshayumba. Punguza maji hadi kilo 0.1 kwa sekunde ili tofauti ikue, kisha kinga maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba na uyapime kwa mizani: kila kilo imeachia takriban kilojuli 2,257. Hakikisha tu boila hairushi matone, maana hayo yatahesabiwa kama mvuke.

Mwuliza swali
Nimewaelewa. Ile vali ya hewa niliifunga tangu siku ya kwanza, nikiogopa kupoteza mvuke.