Intavyuu ya Gredi 1, mtoto anajua lakini mbele ya wageni anafunga mdomo

Mama Tasha
Wazazi habari zenu. Msichana wangu anamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, na Jumamosi ijayo ana intavyuu ya kuingia Gredi 1 kwa shule moja ya praiveti upande wa Ngong Road, Nairobi. Nyumbani anasoma, anahesabu, anauliza maswali hadi unachoka, lakini mgeni akiingia tu anajificha nyuma yangu anaanza kutafuna mkono wa sweta na hata jina lake hasemi. Halafu kwetu tunaongea Kiswahili, Kizungu ni cha shule tu. Jirani anasema nimtafutie mwalimu wa tuisheni amkaririshe maswali wiki hii yote. Wenye mmepitia hii, huwa wanauliza nini hasa?

Ticha wa Chekechea
Pole na presha mama. Mimi hufanyia watoto hizo intavyuu. Kila shule ina yake lakini kwa Gredi 1 mara nyingi ni aandike jina, hesabu ndogo ndogo za kujumlisha na kutoa, asome maneno mafupi, achore kitu halafu akuambie amechora nini. Mimi humwaga vifuniko vya soda mezani namwambia nipangie kwa rangi, na hapo naangalia kama amesikiliza, penseli anaishika aje, anajaribu ama anangoja asaidiwe.
Kukaririsha achana nako kabisa, mtoto aliyekaririshwa tunamjua saa hiyo hiyo. Kuna mmoja nilimwambia keti hapa mrembo, akanijibu "I am six years old" 😂
Mtume dukani akaombe maziwa mwenyewe wewe ukisimama kando, na umwombe mama mwingine akae naye mezani wasome kidogo wewe ukiwa chumba kingine. Kizungu kisikutie wasiwasi sana, mfunze tu asipoelewa aombe mwalimu arudie.

Baba Wawili
Ticha hapo napinga kidogo, kuna shule zinatoa karatasi ya Hesabu, Kizungu na Kiswahili na si mchezo. Mama Tasha piga simu uwaulize wanapima nini, wengi watakuambia. Uliza pia kama pesa ya intavyuu inarudishwa mtoto asipoingia, juu mara nyingi hairudi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti ya PP2. Na nyinyi wazazi mjipange, mnaweza kuitwa ofisini muulizwe mbona mnahama, nani atamchukua jioni, karo mtalipa aje. Bibi na bwana wakijibu tofauti mbele ya dairekta ni aibu ya mwaka.

Wa Umoja
Hii presha yote kwa mtoto wa miaka sita jameni. Kwa shule za serikali, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikubali mtoto apewe mtihani ndio aingie, ila tu kama ni wa kumpangia darasa linalomfaa. Praiveti wanajiendea venye wanataka. Na wewe pia wafanyie intavyuu mama, uliza watoto wako wangapi kwa darasa, basi inapita kwenu saa ngapi asubuhi, na uombe kuona choo cha watoto, si kile cha wageni.

Ticha wa Chekechea
Baba Wawili kupiga simu ni sawa, lakini tuisheni ya wiki moja itamchosha bure. Ijumaa alale mapema, asubuhi anywe uji, na umpeleke choo kabla aitwe. Hiyo ya choo siwekei mzaha.

Mama Tasha
Asanteni sana. Nimepiga simu, wanasema ni kuandika kidogo na kuongea na mwalimu, mzazi anangoja nje. Leo nimemtuma kwa mama mboga, ameomba sukuma ya ishirini kwa kasauti kadogo sana lakini ameomba, na chenji akahesabu. Sasa kazi imebaki kwa mzee, juu yeye anajua karo ni ile tu iko kwa karatasi, ya basi na lanchi bado sijamwambia.