Mrejesho: yule mbwa wangu wa shamba la mikorosho, Newala

Ndugu zangu, salaam. Mwezi Juni niliomba ushauri: mbwa wangu Chui, wa miezi 7, haji akiitwa, anakimbiza kuku wa jirani, nami nampiga fimbo. Wengi mlisema niache fimbo. Nimeiacha.

Kilichonigusa zaidi ni yule aliyeeleza kwamba mbwa hawezi kuunganisha kipigo na kosa la saa nzima iliyopita. Ukimwita akaja, kisha ukampiga, anachojifunza ni kwamba kuja kwako ni hatari. Kumbe ndiyo maana alikuwa akiniona anajikunyata! Iliniuma sana.

Nikaanza upya. Dakika 10 asubuhi kabla ya palizi, 10 jioni, kidagaa kimoja palepale anapotii, na neno lilelile: "Kaa." Wiki mbili za mwanzo, hakuna kitu. Siku moja nilishaokota fimbo. Nikaitupa, nikakaa chini ya mkorosho hadi moyo ukatulia, ndipo nikamwita kwa sauti ya chini. Akaja, akalaza kichwa gotini kwangu. Siwafichi, nililia.

Sasa kuku wakipita anawatolea macho tu, hainuki. Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata pia. Asante sana uliyenikumbusha.

Na mwanangu wa darasa la 3, ambaye zamani nilimfokea kila akikosea hesabu, juzi alikuja mwenyewe na daftari, akaketi ubavuni kwangu.