Tuliolala nje utotoni na leo tunaishi kwa michezo, tupeane uzoefu

Kocha wa Mwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2014 vijana wa mitaani kutoka Mwanza walibeba Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani kule Rio de Janeiro, waliifunga Burundi 3-1 fainali. Miaka minne kabla ya hapo, Durban, Tanzania ilifika fainali ikafungwa na India. Mimi umri ulishanipita, lakini siku ile nililia kama niliyecheza, maana vibaraza vya Mwanza navijua kwa mgongo wangu.

Nimelala mtaa wa Makoroboi, hapo Mwanza, tangu nina miaka 9 hadi 13. Alfajiri nabeba ndoo za dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki, jioni tunapiga chandimu peku. Kocha aliyeniona alinipeleka kwanza kwa mkewe nikala ugali na sangara. Habari za nacheza namba ngapi zilikuja wiki ya pili.

Kilichotaka kuniangusha ni karatasi. Timu ya vijana ilidai cheti cha kuzaliwa, nami sikujua hata mwezi niliozaliwa. Ofisi moja ilinizungusha miezi minane: leta mzazi, leta kadi ya kliniki, leta barua ya mtendaji. Mzazi ningemtoa wapi? Kocha akapanda feri na mimi hadi Ukerewe, akamtafuta mkunga aliyenipokea, bibi kizee, akakubali kuapa. Bila kile kiapo nisingesajiliwa popote. Leo nina leseni ya ukocha daraja D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na watoto wangu wote nawafuatilia cheti kabla sijawapa jezi.

Mliopita huku, nani alikupa pa kulala? Semeni, kuna dogo anasoma.

Kona Nyekundu:
Mkuu umenigusa. Mimi ni ngumi. Nililala Kariakoo juu ya maboksi, mgambo wakija tunatawanyika. Mwalimu wa gym moja Manzese alinikubalia nifagie, akanipa ufunguo, nikawa nalala ulingoni. Usiku wa kwanza sikupata usingizi kabisa. Sikuwa nimewahi kulala nyuma ya mlango unaofungwa kwa ndani, ule ukimya ulinitisha, nikaenda kulala nje kwenye ngazi. Ilinichukua kama mwezi kuzoea.

Pambano la kwanza, raundi 4, promota aliniahidi laki mbili. Nilishinda, nikapewa elfu thelathini na soda. Mkataba niliuweka dole gumba kwa sababu sikujua kusoma. Hasira zile ndizo zilinipeleka MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, nikiwa na miaka 16, nimekaa darasa moja na watoto wa miaka 11. Tangu nijue kusoma sijapunjwa tena. Madogo, someni hata kama ngumi zinalipa.

Dada wa Golini:
Kwetu wasichana usiku ni kitu kingine, naomba mlijue hilo. Nilitoroka nyumba niliyofanya kazi za ndani nina miaka 12, nikalala stendi ya Ubungo wiki tatu. Sitaeleza yote. Mama lishe mmoja alinifunika kanga yake, nikalala chini ya meza yake, yeye juu kwenye benchi amenikinga. Huyo ndiye kocha wangu wa kwanza, ingawa mpira haujui. Leo nadaka ligi ya wanawake, na kila sikukuu gunia la mchele linafika kwake kabla ya kwangu.

Mkimbiaji wa Eldoret:
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku tuliitwa chokoraa. Nilinusa gundi miaka mitatu, kifua kikawa kama matambara. Nilipofika Iten, mita 2,400 juu, nilitapika kila asubuhi. Kambini kila mtu huchangia unga na kodi, mimi sina hata shilingi. Wenzangu walinibeba mwaka mzima, nikawa nachota maji na kupika.

Nilishikilia habari ya Lopez Lomong, mkimbiaji mzaliwa wa Sudan Kusini. Aliishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huku Kenya, miaka kumi, akalipa shilingi 5 kumtazama Michael Johnson, mkimbiaji wa Marekani, kwenye runinga wakati wa Olimpiki ya Sydney 2000. Mwaka 2008 akaibeba bendera ya Marekani kule Beijing. Mimi sijafika huko. Kazi yangu ni kuongoza kasi: nawavuta wenzangu hadi kilomita 25, kisha natoka barabarani. Jina halitangazwi, lakini kodi ya mama nalipa mimi.

Namba Saba:
Shikamooni wakubwa. Natumia simu ya jamaa. Niko Mwanza, nina miaka 14, nalala nje, mpira naujua. Nianzie wapi?

Kocha wa Mwaloni:
Marahaba mwanangu. Usiandike hapa unapolala, wala usimfuate mtu yeyote atakayekwambia mkutane usiku, hata akisema ni mimi. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, waeleze ulivyonieleza. Kesho mchana njoo uwanja wa Nyamagana, watu wakiwa wengi, tutakuwa na mazoezi. Chakula kipo. Cheti tutakitafuta wote. Niambie tu, kiatu unavaa namba ngapi?