Mrejesho: mbwa wangu aliyekuwa akivuta kamba

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kumvisha mbwa wangu mkanda wa shingoni wenye meno ya chuma ili aache kuvuta kamba, nanyi mkanishauri nianze na kanuni aliyoieleza mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, kwamba tendo linaloleta faida hurudiwa. Sasa kamba ikikaza nasimama kimya. Ikilegea, naye akanigeukia, nampa dagaa mmoja papo hapo, kwa kuwa tuzo ikichelewa, mbwa anaweza kuihusisha na tendo jingine.

Ametulia sana, ingawa akiona paka bado huvuta. Mkanda ule siununui kamwe: maumivu yakimpata huku anamtazama mtoto anayepita, anaweza kujifunza kumwogopa au kumchukia mtoto huyo. Ninawashukuru kwa dhati.