Tupeane uzoefu: Tangazo au katuni gani ilikukamata, na ilikukamatia wapi hasa?

Mwalimu wa Zamu:

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Wiki iliyopita nilichoka kufundisha tamathali za semi kwa mashairi yale yale, nikawaagiza wanafunzi kila mmoja aje na tangazo au katuni: gazeti lililofungiwa vitumbua, kipeperushi, pakiti ya sabuni, chochote. Tukachambua. Hapa takriri (neno linarudiwarudiwa), hapa chuku (kutia chumvi), hapa swali la balagha ("Umechoka kuhangaika na chunusi?" Nani atajibu kwamba bado ana nguvu?). Darasa likachangamka kuliko siku zote. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na wewe ulishawahi kukamatwa na lipi?"

Nikababaika, maana ninalo. Tangazo la viwanja. Lilisema: "Dakika 20 tu kutoka barabara kuu. Huduma zote muhimu zipo jirani. Vimebaki 7 tu, usipitwe!" Nikalipa kianzio, ndipo nikaenda kuona. Dakika 20 ni kweli, kwa pikipiki, kiangazi, dereva akiwa na roho ngumu. Tangazo lilitaja unapotokea, halikutaja unasafiri na nini.

Lakini nikiwa mkweli, dakika 20 hazikunikamata. Kwenye picha kulikuwa na baba ameshika funguo, mke na watoto nyuma yake wanacheka. Mwezi ule mwenye nyumba wangu alikuwa amepandisha kodi. Mimi nilinunua funguo.

Kwa hiyo leteni yenu. Msiniambie "nilitapeliwa" mkaishia hapo. Nataka neno lenyewe au kile kitu kwenye picha.

Mama Kidawa:

Langu ni koti jeupe. Majani ya chai ya kupunguza tumbo, kwenye pakiti kuna kijana amevaa koti la daktari na kifaa cha kupimia mapigo ya moyo kaning'iniza shingoni. Nilikunywa wiki tatu, nikawa naishi chooni. Mdogo wangu ni mfamasia, akaitazama ile pakiti akaniuliza, "Dada, huyu anaitwa nani?" Nikaigeuza kila upande. Hana jina, hana hospitali, hajaandikwa hata kwamba ni daktari. Nani aliyesema ni daktari? Mimi mwenyewe, kichwani mwangu. Wenye chai wala hawakudanganya.

Halafu akanionyesha kwenye simu matangazo ya sigara za Camel ya Marekani, mwaka 1946. Yanajitapa kwamba madaktari wengi zaidi wanavuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Koti jeupe hilo hilo, sigara mkononi! Nikajifariji kidogo kwamba sikuwa wa kwanza.

FundiFlex:

Wakuu, leo naungama. Mimi ni miongoni mwa wanaowachapia hayo mabango. Nina miaka tisa kwenye kazi hii.

Tuanze na "kuanzia". Mteja wa simu anakuja, simu moja mbovumbovu anaiuza 99,000, nyingine zote ni laki mbili kwenda juu. Kwenye bango 99,000 inakaa katikati, nyekundu juu ya njano, mtu aliye kwenye daladala aisome. Neno "kuanzia" nalipachika pembeni, wima, kama sisimizi anapanda ukuta. Na kwa nini 99,000 isiwe laki? Kwa sababu jicho linaanza kushoto. Ukishaona tisa umeshasema moyoni "haijafika laki", hizo elfu tisa zinazofuata huzihesabu tena.

Pili, bei iliyokatwa. "35,000" ina mstari, chini yake 25,000. Zamani nilimwuliza mteja mmoja, kaka, hii uliuza 35,000 lini? Akacheka hadi akakaa. Haikuwahi kuuzwa 35,000 hata siku moja. Ile namba kazi yake ni kuzaliwa ikiwa imekatwa.

Tatu, chakula. Banda la chipsi linataka picha. Chipsi zake mwenyewe nikizipiga picha zinaonekana kama vijiti vilivyolowa, basi natafuta picha mtandaoni: chipsi zimesimama, kachumbari ina majani ambayo hapa mjini hata sijui yanauzwa wapi. Wenzetu wakubwa wana ufundi zaidi. Kwenye matangazo ya vyakula wapo wanaomwaga gundi nyeupe kwenye bakuli badala ya maziwa ili nafaka isilowe wakati wa kupiga picha.

Na lile la mwisho, "Vigezo na masharti kuzingatiwa". Bango la mita sita, haya maneno nayaweka saizi ambayo hata nikisimama chini yake nayatafuta. Redioni ndiyo balaa: tangazo zima mtu anaongea kwa maringo, yakifika masharti anakimbia kama anafukuzwa na mbwa.

Sijawahi kuandika uongo kwenye bango, nawaapia. Kazi yangu ni kuamua kipi kiwe kikubwa na kipi kiwe kidogo.

Chumvi ya Mawe:

Fundi, kumbe ni wewe! Tutaonana.

Mtoto wa Kisauni:

Huku Mombasa mimi nilikamatwa na katuni. Gado, Mtanzania wenu huyo, alichora katika gazeti la Nation tangu 1992, na baba yangu alikuwa akifungua ukurasa wake kabla ya habari zenyewe. Enzi za kesi za ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, Gado akawa anamchora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa na mnyororo mguuni, umefungwa kwa tufe zito la chuma. Wakihutubia, mnyororo upo. Wakisafiri, wanalikokota tufe. Baada ya muda hakuhitaji hata kueleza.

Nilibishana sana na mzee. Yeye alisema ni haki yake mchoraji, kwa sababu kesi zipo kweli na wao wanataka tuzisahau. Mimi nilisema mshtakiwa si mfungwa, na mnyororo ni wa mfungwa. Mwalimu, hiyo mnaita takriri, sivyo? Maneno ukiyarudia watu wanakuchoka. Picha ukiirudia inageuka kiungo cha mwili wa mtu.

Desemba 2014 mashtaka ya Uhuru yakaondolewa. Ya Ruto yakafungwa Aprili 2016. Lakini mimi niliyekuwa nikipinga ile katuni, nilipomwona Uhuru kwenye televisheni siku hizo, macho yangu yalishuka yenyewe kutazama mguu. Mzee alinicheka. Bado sijaamua kama Gado alinionyesha kitu au alinipandikizia.

Nesi Mstaafu:

Mnakumbuka Fataki? Yale matangazo ya redioni, kuanzia kama 2008, ya jibaba linalorubuni wanafunzi. Nimefanya kazi kliniki ya wajawazito miaka mingi na nimebandika ukutani mabango yasiyo na idadi: "Mimba za utotoni ni hatari", picha ya binti analia, watu wanapita kama wanapita kwenye kalenda ya mwaka jana. Fataki alikuja na jambo jingine kabisa. Kwanza hakumsema binti, alimsema mwanaume. Pili, alichekesha. Anajigamba, anaahidi vizawadi, halafu mtu wa kawaida tu anaingilia kati na mpango unaharibika. Ukisikiliza unajiona wewe ndiye yule anayeingilia kati.

Lakini nguvu yenyewe ilikuwa jina. Kabla yake tulisema "yule mzee anayependa watoto wa shule", sentensi ndefu, nani ataitamka mbele ya mtu mzima mwenye heshima zake? Baada yake ikawa neno moja. Nilimshuhudia kondakta akimwambia abiria mmoja, mtu wa makamo na suti yake, aliyekuwa amemsogelea binti mwenye sare: "Mzee, usituletee ufataki humu." Basi zima likacheka. Yule bwana akashuka kituo kilichofuata, na sidhani kama ndicho kilikuwa chake.

Kobe Hakimbii:

Mnayachambua mno wakuu. Mimi katuni nacheka nafunga gazeti. Kipanya cha Masoud kinanichekesha, yameisha.

Mwalimu wa Zamu:

@Kobe Hakimbii, ngoja nikuchokoze. Yule ni panya. Kadogo, yuko chini ya miguu ya wakubwa, mla makombo. Angekuwa simba anasema maneno yale yale ungecheka? Mkubwa atakayemkasirikia panya ndiye atakayechekwa.

Kobe Hakimbii:

Haya mwalimu, umeniharibia kucheka.

Chumvi ya Mawe:

Langu fupi. Kipeperushi cha mkopo, kidole kinanielekea, chini neno moja: "WEWE!" Nilikibandua ukutani nikakihifadhi, sijui kwa nini. Nikakopa.

Mwalimu wa Zamu:

Kidole hicho ni kikongwe, ndugu yangu. Mwaka 1914 Waingereza walimchora Lord Kitchener, waziri wao wa vita, akinyoosha kidole kuita vijana vitani, na 1917 Wamarekani wakamchora Uncle Sam, yule mzee wa kubuni anayesimama badala ya nchi yao, vivyo hivyo. Ukihamia kona nyingine ya chumba kinakufuata, kwa sababu kimechorwa kikikutazama moja kwa moja. Wao waliitiwa bunduki, wewe umeitiwa riba.

Kesho namjibu yule binti. Nitamwambia ni funguo. Ingawa jana nimepita pale njiani, miezi mitano sasa, na bango bado linasema vimebaki 7.

FundiFlex:

Mwalimu, sijui kama hilo ni langu, ila wa viwanja nimewachapia wengi. Huwa nawauliza, niandike vimebaki 10? Wanakataa. Wanasema 10 inaonekana imetungwa, watu hawaiamini. Wanataka 7, au 13.