Nikiinua karata mbili kama moja, zinaachana

Wakuu, najifunza kiinimacho cha karata. Nikiinua mbili pamoja zinaachana pembeni, na gumba linahangaika kuzitafuta. Nifanyeje?

Jibu: Mkuu, tatizo linaanza kabla ya kuinua. Tengeneza mwanya mapema: ukiwa unaongea, sukuma karata mbili za juu kwa gumba, zirudishe, huku nyama ya kidole cha mwisho ikishika mwanya chini yake. Wakati wa kugeuza hutakuwa na cha kutafuta. Geuza polepole, maana haraka ndiyo inayoamsha shaka. Naipenda mno hila hii! Mwaka 1922 mwanamazingaombwe Dai Vernon aliitumia kumduwaza mwenzake maarufu Houdini, kwa karata iliyorudi juu ya rundo kila mara.

Jibu: Na macho pia. Ukiitazama mikono yako, watazamaji nao wataitazama. Mwangalie mtu usoni, muulize kitu, ndipo mkono ufanye kazi.

Muulizaji: Asanteni sana. Nifanyie mazoezi kwenye kioo au nijirekodi?

Jibu: Jirekodi, mkuu. Wengi hufumba macho sekunde ileile ya hila, na kioo hakiwezi kuwaonyesha hilo.