Tupeane uzoefu: Nani kafika mwisho wa dola ya Ming, ile ya kale ya China, kwa miguu yake?

Kombo_wa_Lanzhou: Ramani ya dola ya Ming iliyotumwa humu asubuhi imenikumbusha Jiayuguan, ngome ya jangwani kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka wa pili chuoni, likizo ya Januari. Nimeshuka stesheni saa saba usiku, baridi inakata masikio. Hoteli ya kwanza wakanikatalia, eti hawapokei wageni wa nje. Ya pili vilevile. Nikalala stesheni, begi ndiyo mto. Asubuhi nikaingia ngomeni, ile ya 1372, nikatokea lango la magharibi. Wakuu, mbele changarawe na upepo tu. Ukuta Mkuu wa China wote ule kutoka upande wa bahari, halafu hapo Ming wakasema basi. Waliohukumiwa uhamisho walitolewa kwa lango hilohilo. Simu imezima, vidole sivisikii, njaa. Nililia, sioni aibu.

MamaNuru: Pole mdogo wangu. Gansu, jimbo la huko Jiayuguan, na mimi iliniliza, ila ilikuwa pilipili.

Baharia77: Mwisho gani huo? Ming walifika mpaka Malindi!

Mzee_Kitabu: Kufika si kutawala, kijana. Meli za Zheng He, amiri wa Ming, zilileta biashara na zawadi, na twiga wa Malindi akafikishwa kwa mfalme Yongle 1415. Liwali waliyemwacha hapa ni nani?

Baharia77: Kwa hiyo hata Vietnam walikwenda kutalii?

Mzee_Kitabu: Kule walitawala, 1407 hadi 1427, Le Loi, kiongozi wa waasi wa Vietnam, akawatimua. Usichanganye mambo.

Zuu_Vladivostok: Kaskazini mmekusahau. Makumbusho ya huku Urusi kuna jiwe la maandishi la Ming, la 1413, lililotolewa Tyr, karibu na mto Amur unapoingia baharini. Lina Kichina, Kimongolia na Kijurchen, lugha ya wenyeji wa kule. Nililipita mara tatu nikidhani la Warusi.

Mzee_Kitabu: Ahsante binti. Ila jiwe ni jiwe. Mwaka 1449 Esen, mkuu wa Wamongolia wa Oirat, alimkamata mfalme wa Ming mwenyewe pale Tumu, si mbali na Beijing. Mpaka ulikuwa mlangoni!

Chausiku: Mwacheni Kombo amalize jamani. Anayetaka kwenda aende Mei.

MamaNuru: Mei vumbi la jangwa litakula macho. Agosti. Na soksi mbili.

Baharia77: Soksi Agosti??

Chausiku: Kombo, Lanzhou ulirudije?

Kombo_wa_Lanzhou: Tiketi ya kusimama. Masaa manane, mlangoni mwa choo.